Majibu ya Siku ya Tano

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili mtu asihangaike kumtafuta mjinga mwingine huko mbele.

Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia mikorosho, hapa Nachingwea mjini. Kijiweni kwangu utani ndiyo chai. Mtu akileta mashine imekufa namuuliza kwanza, amekuja kutengeneza au kuzika. Watu wanacheka, kazi zinaenda.

Sasa Jumatano moja ya mwezi wa kumi, asubuhi, nikaenda msalani nikiwa sijaamka vizuri.

Nilichokiona kikaniamsha.

Malengelenge. Manne. Makubwa kama punje za mbaazi, yamejaa maji, yamejipanga mahali ambapo mwanaume hapendi kuona hata chunusi.

Nikavaa suruali, nikakaa kitandani, nikaivua tena nihakikishe. Bado yapo. Na yanaunguza kama mtu kanimwagia pilipili.

Akili ikaenda moja kwa moja kwa Swaumu.

Swaumu ni mtu wa Chiola. Anabangua korosho nyumbani kwao, anazifunga kwenye vipakiti, anauza stendi ya Nachingwea. Nilimfuatilia karibu mwaka mzima. Kila siku nanunua kipakiti kimoja, kila siku namwambia za jana zilikuwa na chumvi kidogo. Siku moja akanijibu, "Fundi, kama unataka chumvi nenda dukani, kama unanitaka mimi nenda kwa mjomba."

Nikaenda kwa mjomba. Yaani nikamtuma mshenga, maana kwao mjomba ndiye mwenye kauli. Mshenga wangu alikuwa Isihaka, mwenye duka la vipuri pembeni ya banda langu, mtu mzima, mstaarabu, mwenye maneno ya kupangwa. Mjomba Mustafa akapokea barua ya posa. Ikabaki kutajiwa siku ya kupeleka mahari.

Jumatatu, siku mbili kabla ya hayo malengelenge, nilikwenda Chiola kumsalimia mama mkwe. Mama mkwe hayupo, yuko msibani Mkotokuyana. Nikamkuta Swaumu peke yake uani, amekaanga korosho za maganda kwenye bati, anazigonga moja moja na jiwe. Mikono ameipaka majivu mpaka kwenye viwiko.

Nikajitia kumsaidia. Akanisogezea majivu.

"Paka, Masoudi. Haya mafuta ya ganda hayana utani."

"Utani ninao mimi. Tutagawana."

Nikamwambia mikono ya fundi imekula petroli miaka kumi, mafuta ya korosho yakiiona yatapiga hodi kwanza. Akacheka, akaniacha. Nikabangua kama saa nzima hivi, vidole vikawa vyeusi. Nikavifuta kwa tambara, basi.

Halafu yakatokea ya watu wazima.

Kinga haikuwepo. Nilijiambia huyu ni mke wangu tayari, imebaki tarehe tu.

Turudi Jumatano.

Nikaingia mtandaoni. Nikaandika dalili zangu, zikaja picha. Wadau, msiwahi kufanya hivyo mkiwa peke yenu chumbani. Kila picha niliyofungua niliiona ni yangu. Wakasema huo ni ugonjwa wa malengelenge ya zinaa, wengine wanauita hepesi. Wakasema ukiingia mwilini hautoki. Wakasema mtu anaweza kuwa nao na asionyeshe dalili yoyote, na akakuambukiza vilevile.

Hapo pa "asionyeshe dalili" ndipo nilipomhukumu.

Maana mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili bila mwanamke tangu nilipoachana na mama watoto wangu. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga. Miaka miwili niko mzima, Jumatatu kwa Swaumu, Jumatano malengelenge. Mtoto wa darasa la pili angeipata hiyo.

Kupima Nachingwea sikutaka. Hapa hata mlinzi wa zahanati ni mteja wangu. Nikavumilia mpaka Jumamosi, siku ya tano tangu tukutane, nikapanda pikipiki mpaka Ruangwa. Ile barabara na lile jambo suruali ikigusa, nisiwasimulie.

Nikaingia kwenye maabara moja ya binafsi. Kijana wa pale hakuniuliza naumwa nini. Nilisema nataka kipimo cha malengelenge ya zinaa, akanitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipande cha plastiki, akaniambia nikae.

Baada ya muda akaniita dirishani.

"Imesoma chanya."

"Ni ya lini? Ya wiki hii?"

"Kaka, kipimo hakina kalenda."

Nikaona ananitania. Mimi tena, nataniwa. Kumbe lile ndilo lilikuwa neno la maana kuliko yote niliyoambiwa mwezi ule, na nililipita kama kibao cha kijiji nisichokwenda.

Akaniandikia karatasi, akagonga mhuri. Nikaenda stationari nikatoa kopi tatu.

Kopi tatu. Mpaka leo sijui ya tatu nilitaka kumpa nani.

Jioni ile ile nikamfuata Isihaka dukani. Nikamweleza, nikamkabidhi kopi moja, nikamwambia kesho aende Chiola aitoe posa, na sababu hiyo hapo.

Isihaka akaisoma, akaikunja, akaifungua tena.

"Umeongea na mwenzio?"

"Niongee nini? Karatasi imeshaongea."

"Masoudi, mshenga anapeleka maneno ya heri. Hiki unachonipa kukibeba sikijui."

Nikamwambia kama hawezi aseme, nitaenda mwenyewe na kipaza sauti. Akaniona sina utani. Jumapili akaenda.

Aliporudi hakukaa kitini. Alinieleza akiwa amesimama, funguo za duka mkononi.

Aliwakuta wajomba watatu na mama. Mjomba Mustafa akavaa miwani akaisoma ile karatasi kwa sauti, maana mama hajui kusoma. Alipofika penye jina la ugonjwa akasita, halafu akalisoma hivyo hivyo. Mama akavuta ukaya wa kichwani akafunika uso. Swaumu akaitwa. Mjomba akamuuliza kama ana la kusema.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alitazama mkeka. Hakusema neno."

"Si unaona sasa."

Isihaka akageuka. Alikwenda kufungua duka lake, na tangu siku hiyo salamu yake kwangu ikawa ya kutikisa kichwa tu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo naiandika huku nimeinamisha uso.

Habari ilitoka Chiola ikafika stendi kabla ya wiki kuisha. Hiyo si mimi. Wajomba watatu, mama mmoja, ukuta wa udongo, mambo yanapita. Lakini ilipofika kijiweni kwangu, niliipokea kama mgeni wangu.

Nikiona mtu anatafuna korosho namuuliza, "Umeuliza zimebanguliwa na mikono ya nani?"

Watu wanacheka. Mtu anatema.

Sikutaja jina hata mara moja. Nilijiona mstaarabu kwa hilo.

Hiyo kauli ikawa wimbo wa stendi. Makonda wakaidaka, kina mama wa vitumbua wakaidaka. Swaumu alikuja siku nne hivi na beseni lake, akawa anarudi nalo limejaa kama lilivyokuja. Siku ya tano hakuja. Mahali pake akakaa muuza soksi.

Na mimi nikacheka, kwa sababu kidonda kilikuwa kinauma na nilitaka kiume kwa wawili.

Wiki tatu zikapita. Malengelenge yalipasuka, yakakauka, ngozi ikageuka nyeusi ikabanduka kipande kipande kama karatasi iliyoungua. Nikapona juu juu. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba ugonjwa huo unarudi, na kwamba kuna vidonge vya kuutuliza. Nikaamua kutafuta vidonge.

Nilielekezwa kwa daktari mmoja wa kike, Dokta Domitila, aliyekuwa anahudumu kituo kimoja cha afya upande wa Ruangwa. Mama wa makamo, mnene kiasi, anaongea taratibu kama anayekuhesabia dawa.

Nikaweka ile karatasi mezani kama mwenye kesi anayeweka ushahidi.

Akaisoma. Akaniuliza tendo lilikuwa tarehe ngapi. Nikamtajia. Akaangalia tarehe ya kipimo. Akaangalia tena.

"Siku tano."

"Ndiyo, dokta. Niliwahi."

"Uliwahi sana." Akavua miwani. "Kaka, kipimo hiki hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza ukishavamiwa. Hao askari hawaji kwa siku tano. Wanachukua wiki kadhaa, wengine miezi mitatu na zaidi."

"Sasa chanya imetoka wapi?"

"Ama kipimo kimekosea, hivi vya haraka vinakosea sana, ama umepima kitu ambacho unacho siku nyingi. Kwa vyovyote, alichokupa mtu Jumatatu hakiwezi kusoma hivi Jumamosi."

Nikaivuta ile karatasi kwangu, nikaisoma upya.

"Hii karatasi inakuhusu wewe," akasema. "Yule mwanamke hayumo humu."

Wadau, nimewahi kupigwa shoti na jenereta. Ile ilikuwa nafuu.

Nikabisha kidogo, maana ubishi ndiyo mali yangu. Nikamwambia na malengelenge je, yale niliyaona kwa macho. Akaniuliza yalikaaje. Nikamweleza. Akaniuliza yalipokauka ngozi ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa nyeusi, ikabanduka. Akainuka, akanishika mkono, akageuza vidole vyangu kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye pembe za kucha weusi ulikuwa bado haujaisha.

"Ulibangua korosho lini?"

Nikauvuta mkono, nikavificha vidole chini ya meza.

"Mimi nimezaliwa kwenye korosho," akaendelea. "Kila msimu napata wawili watatu wa aina yako. Kiganja kigumu hakisikii mafuta ya ganda. Halafu mtu anakwenda kukojoa, au anakwenda kwingine, na huko ngozi ni laini. Inababuka siku ya pili. Wanakuja hapa wanalia wamerogwa."

Akaniambia hawezi kuapa, kwa sababu malengelenge yamekwisha. Kama ningekuja siku ya kwanza angechukua maji ya lile lengelenge lenyewe kwa pamba, yakapelekwa kupimwa, na hapo tungejua bila kubahatisha. Sasa imebaki kusubiri. Nirudi ikitimia miezi mitatu na nusu, damu ipelekwe maabara kubwa inayotofautisha aina ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ya mdomoni, na aina ya pili, ya sehemu za siri. Mpaka hapo nisimguse mtu. Akasema na kondomu inapunguza hatari tu, haiimalizi, maana huu unapita kwa ngozi.

Nikamuuliza dawa yangu vipi.

"Dawa ya kidonda hiki ilikuwa sabuni."

Nikatoka pale nikakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Nilikuwa nafikiria ule mkeka alioutazama Swaumu.

Sasa mtauliza kwa nini sikwenda Chiola siku ile ile. Mimi mwenyewe nimejiuliza. Jibu langu la kinafiki lilikuwa kwamba nisubiri kipimo cha uhakika, nisije nikaomba msamaha halafu majibu yakanigeuka. Yaani hata kuomba radhi nilitaka kwenda na mhuri.

Nilichofanya ni kuacha ule utani wa korosho. Lakini stendi haikuacha. Nilikuwa nausikia kutoka kwa watu ambao hata hawajui ulianzia kwangu.

Mwezi wa pili mwanzoni nikapima upya. Majibu yakaja. Aina ya kwanza, ninayo. Aina ya pili, sina.

Dokta Domitila akaniuliza kama utotoni nilikuwa natokwa na vidonda mdomoni nikiumwa. Nikakumbuka mama alikuwa anasema homa imenitokea mdomoni. Akasema ndiyo hiyo aina ya kwanza, watu wengi wanayo tangu wadogo, wanaipata kwa kubusiwa na shangazi. Na kwamba hata ningekuwa na ile ya pili, watu wanaishi nayo, wanaoa, wanazaa, si jambo la kumtangazia mtu stendi.

Hilo la stendi sikuwa nimemwambia. Sijui nani alimwambia. Wilaya ndogo hizi.

Nikarudi Nachingwea nina karatasi mpya. Nikamwendea Isihaka, nikamwomba arudi Chiola akaniombee. Akaendelea kupanga plagi kwenye rafu.

"Mimi nilitumwa nikavunja. Ya kujenga utajituma mwenyewe."

Nikajituma. Mjomba Mustafa aliipokea shikamoo yangu, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimsomea majibu yote. Hakunitukana, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Alisema tu kwamba Swaumu hayupo, yuko Ruangwa kwa mama yake mdogo, anauza sokoni, na kwamba yeye kama mjomba hana tena kauli juu ya jambo ambalo alilisoma kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya ndugu zake na dada yake.

Funzo nitaliweka hapa hapa, kwa sababu nikifika mwisho sitakuwa na la kuongeza.

Ukiona kitu mwilini baada ya kukutana na mtu, nenda kwa mganga wa hospitali kikiwa bado kibichi, akione. Damu ya siku tano usiiulize habari za siku tano. Uliza kipimo kinapima nini, kinaanza kusoma lini, kinakosea mara ngapi. Na kama una hofu na mwenzio, mwenzio ana masikio. Basi. Mimi nilisoma kurasa arobaini za mtandaoni na sikupiga simu moja.

Haya, Ruangwa.

Nilimkuta asubuhi, soko ndiyo linachangamka. Amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, vipakiti vimepangwa. Amepungua mwili. Aliponiona hakushtuka. Alimalizia kumrudishia mama mmoja chenji, ndipo akanitazama.

Nikachuchumaa. Nikaanza. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, nimeweka na vichekesho viwili vya kulainisha, vyote vikafa mdomoni. Nikamweleza kuhusu kingamwili, siku tano, aina ya kwanza na ya pili. Nikamwonyesha karatasi. Hakuipokea, ikabaki inaning'inia mkononi kwangu.

Nikamwambia yale malengelenge hayakuwa ugonjwa wowote. Yalikuwa mafuta ya korosho.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni korosho. Na mimi nilibabuka."

Sikuelewa. Akanisubiri nielewe.

"Vidole si vilikuwa vyako," akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya watu. "Jumatano niliamka siwezi kutembea. Nikajipaka mafuta ya nazi, nikamwambia mama naumwa tumbo, nikalala siku tatu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nasema huyu mume ninayepewa ataniua na ubishi wake. Nikasema akija Jumapili nitamchapa na mwiko."

Jumapili alikuja Isihaka.

Ndugu zangu, nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Miezi mitatu na nusu nimeutafuta ukweli kwa daktari na maabara mbili, na ulikuwa Chiola, umelala ubavu, unajipaka mafuta ya nazi.

Badala ya kunyamaza, nikabisha. Ndiyo, hata hapo.

"Sasa kwa nini hukusema, Swaumu? Mjomba alikuuliza mbele yao wote."

"Ningesema nini? Kwamba najua ni korosho kwa sababu najua vidole vya Masoudi vilipita wapi mama akiwa msibani? Niwaambie wajomba?"

"Basi ungeniambia mimi. Mimi peke yangu. Namba yangu unayo. Ungesema neno moja tu haya yote yasingetokea. Na wewe ulinyamaza, Swaumu, tuseme ukweli, jibu ulikuwa nalo ukalikalia."

Mteja akaja, akataka vipakiti viwili. Swaumu akamfungia, akapokea hela, akamshukuru. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Wewe uliniletea jibu, Masoudi, lina na mhuri. Swali hukuwahi kuniletea."